Ukanda Usiolimwa Kando ya Kaburi la Baba

Jumamosi, mwezi wa Machi. Mvua imekatika alasiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Kitura, nami nina hasira ya mtu aliyeshinda siku nzima akijitahidi kuwa mstaarabu.

Mama, shikamoo. Baba Mdogo, uliyetufungulia kikao kwa sala, shikamoo. Kaka Desideri, kifungua mimba wetu, kaka Otmari, wifi zangu wawili, nanyi watoto mliojazana mlangoni: niliyoyasema leo mbele yenu nayaandika hapa, kwenye shajara yangu, kwa sababu nawajua. Kikao chetu kikivunjika, kila mtu huondoka na kikao chake.

Tulipomzika Baba, Desideri alitaka kutangulia na msalaba kwa kuwa ndiye wa kwanza kuzaliwa. Otmari aliutaka kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Walivutana mbele ya jeneza mpaka katekista akaubeba mwenyewe.

Hicho ndicho chanzo. Hakuna kingine.

Tangu hapo hawasalimiani. Na kwa kuwa mashamba yao yanapakana, kila mmoja aliacha ukanda wa mpakani bila kuuchimbia ngolo, asije akaambiwa amevuka. Wamatengo wazima, waliokua wakijua kwamba mashimo ya ngolo ndiyo yanayoyatuliza maji kwenye mteremko, na kwamba palipoachwa wazi ndipo maji yatakapopita.

Yamepita.

Leo, kikao kiliporudi kwa mara nyingine kwenye habari ya msalaba, Mama alichukua fimbo yake akatuambia tumfuate. Tulishuka hadi kaburini, kando ya ukanda ule. Upande wa kushoto wa Baba, mahali palipotengwa pawe pa Mama siku yake itakapofika, pamekuwa korongo. Msalaba uliogombaniwa umeinama kuelekea humo.

Mama alichungulia chini, akasema, “Naona baba yenu ameoa tena. Mke mwenzangu ni korongo.”

Mke wa Otmari alicheka, akajiziba mdomo. Kisha Mama akauliza, bila kupandisha sauti, “Na mimi mtanilaza wapi?”

Desideri alianza kueleza mpaka unapita wapi. Mpaka, jamani, pale pale! Baba Mdogo akamwambia anyamaze.

Ndugu zangu, mnadhani mmebakiza misimu mingapi ya kulima? Desideri hapandi tena kilima hiki bila kuketi njiani. Otmari anasoma somo kanisani kwa miwani ya kuazima. Nyinyi mnazeeka, chuki yenu peke yake ndiyo yenye afya.

Nakiri na langu. Huko kwangu Kihagara, ziwani, ninapochambua dagaa, hujikuta nawachukia nyote wawili kwa kuchukiana kwenu. Leo nimeuona ugonjwa huo umenifikia, na sina umri wa kuuguza kitu kama hicho. Nauacha hapa kilimani.

Sitaki mkumbatiane. Nimeiombea mioyo yenu mpaka nimechoka. Sasa naomba majembe.

Kwa hiyo uamuzi ni huu, Baba Mdogo ameukubali na Mama ameubariki. Jumatatu, umande ukikauka, nyumba zote mbili zitakutana kwenye ukanda ule. Desideri na Otmari watafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, kama wanaume wa hapa walivyofanya siku zote. Wifi zangu watayafunika kwa udongo wanaouchimba katikati, panapobaki shimo: mke wa Desideri juu ya majani aliyoyalaza Otmari, mke wa Otmari juu ya yale ya Desideri, ili pasiwe na shimo ambalo mtu ataliita lake. Korongo la kaburini tutalijaza mawe na udongo sote, pamoja na Baba Mdogo na watoto. Safari yangu ya kurudi ziwani nimeiahirisha mpaka Mama asimame pale na kusema panamtosha.

Atakayeona hawezi kuja, apite kwanza kwa Mama amjibu swali lake.