Nani Alimwonyesha Ile Chupa?

Santa Efigenia, Kamati ya Tatu,
Lima.
10 Agosti 1999

Mpendwa kaka Teódulo,

Kabla ya yote, u mzima? Kile kifua kinakusumbua bado? Najua Torino saa hizi ni joto, lakini baridi ya huko haichelewi, nawe huvai fulana ya ndani mpaka uambiwe. Unakula vizuri? Unalala? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama la kushoto limevimba kwa huu ukungu wa Agosti, ila mdomo haujavimba hata kidogo, anatutawala kutwa nzima kama kawaida yake. Mimi mzima, nashukuru.

Picha yako ya Juni tuliipata. Koti zuri, limekukaa. Ila picha imekatwa upande mmoja kwa mkasi, tena mkasi butu, na begani kwako vimebaki vidole vinne, kimoja kina pete. Mama anasema ni vya rafiki yako wa kazini. Mimi nimeviangalia kwa miwani yake, na huyo rafiki wa kazini amepaka rangi ya kucha. Sisemi kitu. Nimeviona tu.

Hali ya hewa ni ileile unayoijua. Jua hatujaliona tangu sikukuu ya Mtakatifu Petro, na nguo zina siku tatu kwenye kamba, bado mbichi, wakati tone la mvua ya kweli halijaanguka tangu tuhamie. Boza la maji linapanda Jumatatu na Ijumaa. Dereva ni mpya, na pipa letu anapolijaza yeye hudumu siku moja pungufu. Nimelipiga alama ya mkaa kwa ndani. Tutaona.

Sasa cha kuniandikisha barua hii. Uwanja wetu wa mpira wa wavu uko hatarini, Teo. Nataka kujua kama wewe una mkono humo.

Uwanja unaujua ulivyo. Nusu ni ardhi ya kamati, nusu ni kiwanja chako namba tisa. Siku unaondoka uliniambia tucheze tu, utajenga ukirudi. Ni miaka tisa sasa. Na kila Jumapili, Bi Eudocia anapofungua daftari la kamati na kuita majina ya wenye viwanja, akifika kwako mimi ndiye ninayejibu, "Yupo." Kila mtu kilimani anajua uko Italia. Bi Eudocia mwenyewe ndiye anayekuuzia Mama stempu. Lakini anainamisha macho, anatia alama, kwa sababu kiwanja hakijalala, kinachezewa. Wengine walikosa kuitika mara tatu wakanyang'anywa, hata Don Abundio aliyekuwa hospitali. Wewe hapana.

Sasa watu wa serikali wanakuja Septemba kugawa hati. Daftari litafungwa Jumapili ya tarehe 29 na litakwenda kwao kama lilivyo. Jina litakalokuwa na alama siku hiyo ndilo litakaloandikiwa hati, na mwenye hati anaweza kuuza kwa amtakaye. Kikiuzwa namba tisa, kitakachobaki kwetu ni kipande cha kuanikia nguo.

Wiki tatu zilizopita alikuja mwanamume mmoja amevaa viatu vya ngozi. Ngozi, kaka, kwenye mchanga huu. Alisema anaandika kitabu juu ya ile ngome ya matofali ya watu wa kale iliyo nyuma ya uwanja. Nikampa glasi ya chicha, kile kinywaji chetu cha mahindi ya zambarau, akasifu, akaomba ya pili. Nikamsimulia yote: tulivyoshuka kutoka milimani kwetu Ayacucho, tulivyopanda kilima mwaka wa themanini na nne na mikeka ya matete na bendera, polisi walivyokuja na farasi, na wanawake walivyofunga wavu wakaanza kucheza, kwa hiyo polisi walipofika hawakukuta nyumba ya kubomoa, walikuta seti ya pili. Nikamweleza kwamba wewe ndiye uliyekuwa refa, umekaa juu ya pipa na filimbi yako, na polisi mmoja alibaki kuangalia mpaka mwisho.

Muda wote huo hakuandika hata neno moja. Mwandishi wa kitabu gani huyo? Ila nilipotaja namba tisa alitoa kalamu, akauliza nani anaitika kwa niaba ya mwenyewe.

Nilimshuku Melchora. Unamkumbuka, kepteni wa Kamati ya Kwanza, yule mwenye mkono mzito. Tumewafunga mara nne mwaka huu, na nikajiambia huyu ameona hawezi kutufunga uwanjani, sasa anatuuzia uwanja wenyewe. Maana wale ni watu wa hila. Mwezi wa tano walileta mpira uliopungua upepo, wakasema ni baridi. Basi nikamvaa mbele ya watu, kwenye foleni ya boza, nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni na mengine yaliyozuka palepale. Alinisikiliza ameshika ndoo zake. Halafu akaniambia polepole, "Nélida, mimi hata sijui mpaka wa kiwanja cha kaka yako uko wapi. Nani anaujua?"

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu. Nililisahau hata boza. Swali hilo nilitembea nalo siku mbili, kwa sababu jibu lake nalijua, na wewe unalijua.

Mwaka ule wa kwanza upepo ulikuwa unafuta mistari ya chokaa, na majirani walikuwa wanasogeza mawe. Ndiyo maana Mama alizika ile chupa kwenye kona ya mashariki, mdomo chini, na karatasi yenye jina lako ndani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi ndiye niliyeshika mshumaa. Mama akatuapisha. Hatua kumi na moja kutoka pembe ya ngome, halafu tatu kuelekea baharini. Tunaojua ni watatu: Mama, mimi na wewe.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi, pointi kumi na mbili kwa kumi. Yule bwana wa viatu akaja na tepu ya kupimia na sepetu ndogo. Hakutusalimu. Akaenda mpaka pembe ya ngome, akageuka, akahesabu hatua kumi na moja. Nilikuwa nimeshika mpira nataka kuanzisha, nikaukumbatia. Akageuka tena, akahesabu tatu. Akachimba. Hakutafuta, Teo, hakubahatisha, alichimba shimo moja tu la ukubwa wa sufuria, na chupa ilikuwa humo.

Nikamwendea nikamuuliza nani amemwonyesha. Akafuta mchanga kwenye chupa kwa kitambaa, akasema, "Nimeelekezwa vizuri, mama." Akavuta tepu yake, akapima, akairudisha chupa kwa adabu, akateremka. Wenzangu walikuwa wananiita, Nélida, anzisha. Nikaanzisha, mpira ukagonga wavu. Melchora, aliyekuwa amekuja kutupeleleza, hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya. Jana nilimpelekea viazi vya mchuzi wa pilipili ya manjano kumwomba radhi. Amevipokea, lakini sahani bado hajairudisha.

Nilikaa siku tatu nikitafuta mtu mwingine wa kumshuku, nakuapia. Nilimshuku padri. Nilimshuku dereva wa boza, ingawa mwaka themanini na nne alikuwa mtoto wa chekechea. Nilimshuku hata Mama, Mungu anisamehe, nikamuuliza kama alipolala na homa mwezi wa nne aliropoka. Akanitazama mpaka nikaona haya. Kisha akaniuliza kwa nini namuuliza, nikamweleza.

Hakulia, kama unataka kujua. Alisugua goti tu. Mimi nikasema naandika leo hii, na nitaanza na neno lililo moyoni, yaani msaliti. Akasema, "Muulize. Lakini muulize afya yake kwanza." Ndiyo maana umeulizwa kifua. Ningekuwa peke yangu, barua hii ingeanzia kwenye chupa.

Labda una sababu. Labda vile vidole vinne vinataka nyumba huko, na nyumba ya huko haijengwi kwa mikeka. Kama ndivyo, ungesema. Tungekasirika, Mama angesusa kula siku moja, kisha tungekaa tukatafuta njia. Kinachoniuma si kwamba unataka kuuza kilicho chako. Kinachoniuma ni kwamba ulimwambia mtu wa viatu, hukuniambia mimi ninayekuitikia. Wakati wa mafua naitika, wakati wa msiba naitika, Jumapili niliyojifungua Rosalbina nilimtuma jirani aitike.

Na wewe ndiwe uliyeupigia filimbi mpira wa Mama, umetoka nje, pointi ya mwisho ya fainali, na Kamati nzima ikakuzomea. Mama hakukuzomea. Alisema kweli umetoka, akaenda kuosha miguu. Nilikuonea fahari kuliko siku zile wasichana wetu wa wavu walipochukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Seoul. Namtafuta mtu yule katika picha yako, nakuta koti.

Basi nijibu. Barua yako haitawahi tarehe 29, piga simu dukani kwa Bi Eudocia, jioni huwa tupo. Kama si wewe, niambie si wewe, nitakuomba radhi kwa magoti yote mawili, maana yangu hayajavimba. Kama ni wewe, sema ni wewe.

Don Abundio anakusalimu, bado anakudai mechi ya marudiano. Rosalbina anakusalimu wewe mjomba wake, ana miaka minne na anataka doli la Italia. Bi Eudocia anakusalimu, Melchora hajasema kama anakusalimu. Mungu akulinde na baridi na watu wenye tepu, na akurudishe siku moja ukiwa na afya, uone jinsi tulivyopanga mawe meupe pembeni.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Nélida Palomino Ayquipa

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama amesema tarehe 29 nisiende, atakwenda yeye mwenyewe kwenye kuita majina, na goti lake hivyohivyo. Nimemuuliza jina lako likisomwa atajibu nini. Ameniambia, "Nitajibu ninachokijua." Unamjua Mama, hajaiba pointi maisha yake yote. Sasa hivi anachokijua ni kwamba hupo.