Vidato Tisa Chini ya Sifuri

Alhamisi, alasiri. Ibra, Omani.

Joto limelegea leo. Upepo unaingia bustanini taratibu, maji ya falaj, mfereji wetu wa kumwagilia, yanapita chini ya mitende, nami nimekaa kizingitini mwa mlango wa jikoni, kompyuta mapajani, nusu macho nusu usingizi. Siku kama hizi huwa sijui kama nafikiri au naota. Wanafunzi wangu wanasema hata darasani niko hivyo hivyo, na sina la kujitetea.

Hapa nilipokaa ni sifuri.

Ngoja nieleze, maana hata mimi nikija kuyasoma haya baadaye nitajishangaa. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko. Juu kuna mlango wa barabarani, ukumbi, vyumba na jiko. Kutoka mlango wa jikoni kuna ngazi ya vidato tisa inayoshuka mpaka bustanini, na huko chini kuna chumba kimoja ambacho marehemu baba alikijenga kwa ajili ya wageni. Miezi miwili iliyopita mama aliteleza kando ya falaj akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali tulimwekea kitanda kwenye chumba kile, kwa kuwa gari linafika mpaka geti la bustani na hapakuwa na haja ya kupanda. Tukasema ni kwa siku chache tu.

Mimi nafundisha hesabu darasa la sita, shule ya wasichana, na kazi hii haibaki shuleni hata ukiifungia mlango. Siku mama alipoanza mazoezi ya kupanda nilichukua chaki nikaandika namba kila kidato. Kizingiti cha jikoni sifuri. Kinachofuata kwenda chini hasi moja, kisha hasi mbili, mpaka sakafu ya chumba chake, hasi tisa. Mama aliitazama kazi yangu, akauliza kama na yeye atapewa mtihani.

Mtihani umekuja kweli, na aliyeuleta ni kaka yangu Saidi.

Saidi anakaa Maskati, ghorofa ya tano, lifti mpaka mlangoni. Si mtu mbaya. Kila Ijumaa anakuja na kikapu cha matunda na wasiwasi wake. Ijumaa iliyopita alisema kama wiki hii mama hatakuwa ameweza ngazi, atamchukua akakae kwake moja kwa moja, na chumba keshakitengeneza. Huko mama angekuwa chanya tano bila kunyanyua mguu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwombea dua ya safari njema. Gari lilipoondoka akaniambia, "Mimi nilishahamishwa mara moja, mwanangu. Yatosha."

Alikuwa mtoto wa miaka kumi alipoletwa Omani kutoka Unguja, na safari ile haisimulii. Lakini jiko lile juu ni lake. Alilipanga yeye, kila kijiko anajua kilipo, na mimi mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja bado naomba ruhusa kuhamisha kopo la iliki. Wiki saba amelala chini yake akinusa pilau yangu na kunitumia ujumbe wa simu: kitunguu hicho bado, kiache.

Sasa niungame.

Jumanne Saidi alipiga simu. Akauliza, "Vipi, keshapanda?" Nikamjibu, "Bado, yuko chini." Akasema, "Basi Ijumaa namchukua, khalas." Tukaagana.

Sikusema uongo. Lakini Jumanne ile ile mama alikuwa amefika hasi tano. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, akapanda vidato vinne, akakaa akipumua na jasho likimtiririka, akanionyesha vidole vinne kama msichana aliyejibu sawa. Haya yote sikumwambia kaka. Nilisema yuko chini.

Nilikuwa nimechoka. Wiki saba za kushuka na sinia na kupanda na sinia, madaftari ya kusahihisha yakinisubiri mezani. Saidi aliposema Ijumaa, kuna kitu kilipumua ndani yangu, na tangu siku ile najionea haya.

Leo darasani nilikuwa na somo la kulinganisha namba hasi. Nimetumia kila kitu nilichonacho. Nimetumia lifti ya hospitali inayoshuka mpaka kwenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Nimetumia kisima. Nimetumia baridi ya mlimani Jabal Shams. Nikauliza: hasi mbili na hasi tano, ipi kubwa? Darasa zima, kwa sauti moja, hasi tano. Kwa nini? Kwa sababu ina baridi nyingi zaidi, abla, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike. Nilicheka peke yangu, maana wana haki yao. Aliyewahi kugonganisha meno mlimani usiku hatakubali kwamba baridi kali ndiyo namba ndogo.

Nikachora mstari wa namba, safari hii wa kusimama, nikawaambia kila anayepanda anakuwa mkubwa. Hapo Thuraya akanyoosha mkono. Thuraya ni mtoto wa Sur, watu wa baharini, baba yake amehamia huku kikazi. Huwa haongei. Akasema kwa Kiarabu chake cha pwani kwamba hasi mbili, hasi tano, hasi tisa, kwake zote ni mamoja. "Aliyezama amezama, abla. Kina cha nini tena?"

Wenzake wakacheka.

Nilimjibu. Nilimwambia yule aliye karibu na uso wa maji anauona mwanga, na akipiga mateke mawili atapata pumzi, na mwenzake wa chini hana bahati hiyo. Akafikiri, akaandika kitu kwenye daftari lake. Lakini mimi sikuwa namfundisha yeye tena. Kosa lile lile alilolifanya yeye kwa mdomo wa mtoto, mimi nililifanya Jumanne kwa simu, na mimi nina shahada.

Nilirudi nyumbani kichwa kizito. Nikashuka kumsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kufungua macho. Nikapanda, nikabandika adesi motoni, nikajinyoosha kidogo kwenye kochi la ukumbini.

Nikaota ngazi yetu. Imeendelea kwenda chini, imepita bustani, imepita falaj, hasi ishirini, hasi thelathini, na chaki ni mwandiko wangu kote. Chini kabisa amesimama mtoto wa kike wa miaka kama kumi, na kanzu ya njano, anatazama juu. Ananiuliza bado vingapi. Nataka kumwambia bado vingi, lakini naona amekuja mbali mno kusikia jibu kama hilo, na nikiwa bado natafuta neno, nikasikia naitwa jina langu.

"Zuwena. Adesi zako zinaungua."

Sauti haikutoka chini kabisa.

Nilikimbilia jikoni. Moshi, harufu, sufuria jeusi. Nikazima, nikafungua mlango wa ngazi. Mama amekaa kwenye kidato cha hasi mbili, peke yake, fimbo imemlalia miguuni, mtandio umemteleza begani.

"Nimekuita mara tatu," akasema. "Nikaona nije nizizime mwenyewe."

Nilitaka kumgombeza. Angeanguka je, na mimi nimelala? Nilitaka pia kumbusu mikono. Nikakaa kwenye hasi moja nikalia. Akaniambia nisilie, adesi bei rahisi.

Tulipumzika, tukajaribu vile viwili vilivyobaki. Alinyanyua mguu, akauweka, akaunyanyua tena. "Umesema basi," akasema, kama anayezungumzia mtu mwingine. Sikumlazimisha. Nikaleta mto, nikaleta chai na mkate wa ufuta, na jiko lote likawa nyuma yetu, mlango wazi. Alilitazama muda mrefu. Akasema nimehamisha kopo la iliki.

Nikampigia Saidi pale pale, mama akisikia.

Nilimwambia Jumanne nilimpa jibu baya. Nilimwambia kila kitu, pamoja na uchovu wangu, pamoja na ile pumzi iliyonitoka aliposema Ijumaa. Nikamwambia leo mama yuko hasi mbili, na amefika mwenyewe, kwa sababu ya harufu ya kuungua.

Kisha kaka yangu, asiyependa hesabu tangu utotoni, akauliza swali ambalo mwaka mzima nangoja mwanafunzi aniulize.

"Alianzia ngapi?"

Nikamwambia. Akarudia polepole, hasi tisa, kama anayeshuka mwenyewe. Hakusema kwamba hatamchukua. Alisema atakuja kesho, tutazungumza. Sijui ataamua nini, na sijui kama mguu wa mama utakubali viwili vile asubuhi. Ninachojua ni kwamba sitaki tena kaka amtazame mama kutoka juu, kutoka ukumbini, kikapu mkononi. Nikamwomba kesho asiingie kwa mlango wa barabarani kama kawaida yake. Apitie geti la bustani, aanzie penye kitanda cha mama, apande kidato kimoja kimoja akisoma chaki.

"Inshallah," akasema.

Mama yuko kitandani sasa, nimemshusha taratibu, anadai amelala. Jua linaacha ukuta. Nyayo zetu zimeifuta ile hasi tisa ya sakafuni, imebaki alama nyeupe tu. Nimeshuka sasa hivi nikaiandika upya, kubwa, isomeke kutoka getini.