Kilomita Kumi na Nane za Kokoto

Jumapili, 3 Machi

Rimu ya nyuma imepasuka. Mteremko wa pili, chini kidogo ya machimbo ya mawe. Mlio mkavu kama kijiti kinavunjwa, kisha gurudumu likaanza kusugua fremu. Nimeisukuma baiskeli mpaka kijijini na mvua mgongoni.

Fundi baiskeli huku milimani yupo mmoja. Wanamwita Spoku, mtu wa miaka arobaini hivi. Aliipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Hii haizibwi, dada, akasema, hii inazikwa.

Rimu mpya lazima itoke mjini. Malori yamesimama kwa sababu ya mvua. Gari la kwenda mjini ni moja tu, teksi inayompeleka mama yake Spoku hospitali, na itaondoka Jumanne. Mpaka hapo nimo chumba cha nyuma nyumbani kwao: kitanda, matairi makuukuu juu ya kabati, dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Mhariri amepiga simu. Makala ya njia ya kwanza ya baiskeli imetoka na wasomaji wameipenda, anataka ya pili na ya tatu. Nimemwambia niko kwenye ya pili. Sijadanganya. Niko juu yake na siwezi kutoka.

Jumatatu, 4 Machi

Mama mwenye nyumba ni mwembamba, sauti kubwa. Kijiji kizima kinamwita Mama Spoku na yeye hapendi. Anasema alizaa mtu, hakuzaa waya wa gurudumu.

Figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumanne na Ijumaa anaunganishwa na mashine saa nne nzima, damu isafishwe. Kuifikia mashine ni kilomita kumi na nane za kokoto mpaka barabara ya lami, kisha nusu saa. Kwenda si neno, anasema. Kazi ipo kurudi. Mkono umetoka kuchomwa sindano mbili nene, barabara imejikunjakunja kama bati, gari linatetemeka, bandeji inalowa damu. Amenionyesha kitambaa anachofungia juu yake. Kilikuwa cheupe.

Kilomita hizo kumi na nane ndizo njia yangu ya pili. Kwenye rasimu nimeandika: "kokoto safi, magari ya kuhesabu, mabonde pande zote mbili." Nimeisoma tena leo. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Jumamosi mhandisi wa barabara atakutana na wanakijiji shuleni. Fungu la lami limepatikana. Ila chama cha waendesha baiskeli kimeomba kipande hiki kiachwe kilivyo na lami ipelekwe bonde la pili, maana wageni wanafuata kokoto. Lami wanayo kwao. Atakayesimama kusema kwa niaba ya chama ni Spoku. Alikubali tangu mwezi jana. Mama yake anajua. Jioni wamekula meza moja, wakabishana kuhusu chumvi.

Jumanne, 5 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi Spoku aliinama kwenye magurudumu ya teksi akapunguza upepo, yote manne. Dereva akamuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba tairi laini linakunywa mawe. Waendesha baiskeli wote wanajua, na mama atafika kama aliyebebwa kwenye godoro. Dereva: "Bro, hii si baiskeli. Hapa tuko watu wanne na boneti." Wakavutana. Spoku akashinda, kwa kuwa mgonjwa ni wake.

Kilomita tano za mwanzo zilikuwa laini kweli. Mama akamsifu mwanawe. Kwenye kona ya machimbo jiwe kali likapasua tairi la mbele ubavuni. Upepo ulikuwa mdogo mno kubeba gari. Spea ikafungwa, nayo ikawa na pancha ya siku nyingi. Dereva alikaa juu ya jiwe akamtazama Spoku, na hiyo ilitosha. Spoku akaitoa spea, akaiziba kwa vifaa vya baiskeli, akaijaza kwa pampu ya mkono. Mama kwenye kiti cha nyuma, kitambaa usoni, anauliza tumefika wapi. Hatukuwa tumefika popote.

Hospitali, muuguzi alisema zamu ya mama imepita nusu. Atapata saa mbili. Saa nne haziwezekani, wa mchana wameshafika. Hakuwa mkali. Alionyesha kwa mkono watu waliokaa kwenye benchi.

Rimu ya kipimo changu haipo dukani mjini. Wameagiza. Ijumaa, labda.

Jumatano, 6 Machi

Miguu ya mama imevimba. Kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Ameruhusiwa maji kidogo sana, anayalamba kwa kijiko. Amenitania kwamba mimi nimekwama kwa rimu, yeye kwa kikombe.

Spoku yuko karakana tangu alfajiri. Hajala. Hakuna aliyemlaumu, na ningekuwa yeye ningependa nilaumiwe.

Alhamisi, 7 Machi

Mwenyekiti wa chama cha baiskeli amepita. Koti la mvua la rangi kali, mtu mchangamfu, mikono safi. Amebeba makala yangu ya kwanza ndani ya plastiki. Hii ndiyo silaha yetu, ndugu mwandishi, anasema. Nikamjibu kwamba ile ni makala ya matembezi, haikuandikwa kuamua barabara ipite wapi. Akacheka, akaniambia nisiwe mnyenyekevu.

Nimempigia mhariri nikaomba ya pili isubiri mkutano upite. Amekataa, ukurasa umeshapangwa. Wewe andika njia, anasema, ya lami waachie wenye lami.

Jioni nimemuuliza Spoku moja kwa moja atasema nini Jumamosi. Alikuwa akinyoosha gurudumu la mgeni, hakuinua kichwa.

"Dada, hizi baiskeli unazoziona hapa, nyingi ni za wageni. Hao ndio wanaolipa teksi ya mama. Lami ikija, hawaji."

Nikamwambia kwa lami mama angefika salama.

"Angefika salama, ndiyo. Kwa gari la nani?"

Nimezoea kuuliza maswali ambayo mtu mwingine ndiye anayebaki nayo.

Ijumaa, 8 Machi

Upepo umejazwa kamili, dereva kaukagua mwenyewe mara mbili. Tumekwenda taratibu. Mama amepata saa zake nne. Amenishika mkono wakati sindano inaingia, kisha akasema nimwachie, vidole vyangu ni vya baridi.

Kurudi, bandeji ililowa kabla ya machimbo. Nikakandamiza kwa kiganja mpaka nyumbani. Spoku alikaa mbele. Hakugeuka. Shingo yake nzima ilikuwa inasikiliza.

Njiani mama ameniuliza kama ni mimi niliyeandika kwamba barabara hii ni nzuri.

Nikasema makala bado haijatoka, ila ndiyo.

"Kwa baiskeli ni nzuri?"

"Kwa baiskeli, ndiyo."

"Basi hujadanganya, mwanangu. Ila andika na kiti cha nyuma."

Nimeandika. Aya moja, bila kupamba: kitambaa, mkono, kilomita. Nimeituma pamoja na makala. Mhariri amejibu kwa neno moja: nimepunguza. Sikuhitaji kuuliza alipopunguza.

Rimu haijafika.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa mkutanoni, darasa la mwisho, madawati ya watoto. Magoti yamegota ubao. Limejaa, wengine wako madirishani. Mlango mmoja.

Mwenyekiti wa chama ametangulia, ameongea vizuri. Amesoma makala yangu ya pili kwenye simu, imetoka asubuhi. "Kokoto safi, magari ya kuhesabu." Kiti cha nyuma hakimo. Kuna walionigeukia, wengine kwa tabasamu. Mhandisi ameuliza kama mwandishi ana la kuongeza. Nimesimama, nikasema aya moja iliondolewa, nikaisoma yote kutoka kwenye rasimu. Miaka yote ya kazi sijawahi kusema kitu kwenye mkutano ninaouandika. Mwenyekiti amenitazama kama mtu aliyekanyagwa na mgeni wake mwenyewe. Nimekaa.

Mhandisi ameshukuru. Amesema sasa amsikie fundi, kwa kuwa yeye anaijua barabara pande zote mbili.

Spoku amekwenda mbele. Amepewa maikrofoni. Nyuma mtu ametupa swali, haya, Spoku, kokoto au mama? Watu wakacheka. Mama yake, benchi la mbele, mkono umefungwa, hakucheka.

Spoku amesubiri kicheko kiishe.

"Mheshimiwa, kabla sijasema, naomba mama yangu atoke nje kidogo."

"Sitoki," amesema mama. Hakupandisha sauti. "Nimekuja kusikia. Sema."

Spoku amemtazama mhandisi, kama vile mhandisi ana uwezo wa kumtoa. Mhandisi ameweka kalamu chini. Mama amejisogeza, akakaa vizuri zaidi kwenye benchi. Maikrofoni inavuma, Spoku ameishika kwa mikono miwili, sasa anamtazama mama yake, na anaanza kusema.