Wadudu kwenye matumbawe yangu na viganja viwili vya jivu

Jumamosi, soko la Kabati, Kitui. Joto lile la kukausha mate, na wingu moja tu upande wa Migwani ambalo naona limekuja kutudanganya. Duka nimelifunga mchana. Wateja wapige simu.

Leo sina hamu na mtu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza, nieleze haraka. Nina agroveti hapa sokoni. Nauza mbegu, dawa za mimea, dawa za mifugo na pampu za kunyunyizia. Nilianza na meza moja chini ya mwavuli wa kuazima, na hakuna aliyenishika mkono. Sebuleni kwangu nina tangi la kioo la lita mia mbili, la maji ya chumvi kama ya bahari, lenye samaki wawili na matumbawe. Ndiyo, Kitui hii hii. Wateja hawajamaliza kunicheka. "Sisi tunakimbia visima vya chumvi, wewe unanunua chumvi ukoroge!" mzee mmoja aliniambia, na duka zima likaangua kicheko. Nilicheka pia. Lakini tangi hilo ndilo kitu pekee changu ambacho hakina bei. Kila kingine ninachokishika mchana kutwa, kuna mtu ananiuliza ni pesa ngapi na anipunguzie.

Kuna tumbawe moja nililolilea kuliko mengine. Ni la rangi ya chungwa, limekua sahani juu ya sahani. Lilikuja likiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na mwezi uliopita kiganja changu hakikuweza kulifunika. Watu hudhani ni jiwe. Ni mnyama. Anakula, anakua, na akiumwa anaonyesha.

Ameonyesha.

Kwanza ilikuwa doa jeupe ukingoni. Nikafikiri ni taa, nikaishusha nguvu. Doa likawa mawili, yakawa njia nyeupe kama kitu kinachotembea kikila. Nikalitoa, nikaligeuza chini juu, nikamulika kwa tochi ya simu. Hapo nikawaona. Konokono wasio na gamba, weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, na vinyoya mgongoni. Na pembeni yao mayai, yamebandikwa kwa mafungu kana kwamba kuna mtu aliyapaka gundi.

Walitoka wapi? Najua walikotoka. Kuna kijana wa Nairobi anayekuza matumbawe nyumbani kwake na kuuza vipande. Kabla sijanunua cha mwisho nilimuuliza mara mbili. "Safi kabisa, madam, mimi sichezi na wateja." Nilipomtumia picha ya wadudu akajibu, "Ilikuwa safi ikitoka kwangu." Hiyo lugha naijua. Ndiyo anayoongea kila mtu aliyemuuzia mwenzake mahindi yenye dumuzi.

Kinachonichoma ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Mkulima wa Matinyani huja na jani ndani ya karatasi ya nailoni, naliangalia mara moja, namwambia mdudu ni huyu, dawa ni hii, mililita hizi kwa lita ishirini, na urudie kwa sababu mayai hayasikii dawa. Sasa mdudu yuko sebuleni kwangu na rafu nzima ya dawa haina kitu ninachoweza kumwaga mle. Dawa inayoua konokono itaua kila kilicho hai ndani ya tangi. Iliyobaki ni josho. Unalitoa tumbawe, unalizamisha kwenye beseni la maji ya tangi yenye dawa yake maalumu, kama ng'ombe anavyopelekwa kuogeshwa kupe. Wakubwa wanaanguka. Mayai unayakwangua kwa mkono, na wiki ijayo unaanza tena.

Niliyasema hayo yote mezani Jumatano, kwa hasira, wali ukipoa. Nilisema wanakula kila kitu na dawa sina. Mwaitu alikuwa pale. Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, ni mama mkwe wangu, alikuja kutoka Migwani akae na sisi mwezi mmoja. Alisikiliza, akauliza tu, "Na wanakula usiku au mchana?" Usiku, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kuwakaribisha akina mama wa kanisa. Nilichelewa dukani. Nilipofika, walikuwa wamemaliza wimbo wa pili, chai imemiminwa, na tangi langu lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

Mwaitu aliniangalia kwa furaha. "Nimekusaidia. Nimeweka jivu kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Viganja viwili."

Nielewe vizuri, wewe unayesoma: hakufanya ujinga. Jivu ndilo linalolinda kunde zake ghalani. Jivu ndilo analotia kwenye moyo wa hindi viwavi wakiingia. Mimi mwenyewe huwaambia wakulima wasio na pesa ya dawa watumie jivu. Lakini maji ya tangi si hindi. Nilipima papo hapo, mkoba ukiwa bado begani. pH ya maji, inayotakiwa kuwa nane nukta mbili, ilikuwa inakaribia tisa. Samaki wote wawili walikuwa kona moja, wanahema. Tumbawe langu lilikuwa limejifunga lote.

Nikamgeukia. Sikuongea, nilipiga kelele.

"Ni nani alikuambia uguse? Hapa si ghala la kunde! Hii nyumba nimeijenga mimi, na sikuijenga kwa jivu!"

Wimbo wa tatu haukuimbwa. Mama Ndinda, jirani yangu wa karibu, akasema polepole, "Aki wewe. Huyo ni mama." Mwaitu aliweka kikombe chini bila kukipiga meza. Ijumaa asubuhi alikuwa amefunga mzigo wake, amekataa chai, amekataa kupelekwa stendi, na akamwambia mwanawe, mbele yangu, kwamba nyumba ya mtu ni ya mtu na hatakanyaga tena hapa kumharibia vyake.

Mume wangu, Mutua, aliniuliza swali moja tu. "Wewe ndiye umemwambia mama yangu hivyo?" Tangu hapo tunapitana koridoni kama wapangaji.

Kwa tangi nilijua la kufanya. Nilikuwa na pipa la maji ya chumvi niliyokoroga mapema, nikabadilisha nusu Alhamisi ile ile na nyingine Ijumaa. Kipimo sikukishusha kwa mara moja, maana kushuka haraka kunaua kama kupanda. Samaki wamepona. Leo vipimo vimerudi mahali pake.

Tumbawe halikurudi.

Nimelitoa mchana huu, mlango umefungwa. Sahani za juu zimekuwa nyeupe kama chaki. Sijui sehemu ipi ni ya wadudu na ipi ni ya jivu, na nimekaa nikitaka sana kujua, ili niwe na mtu wa kulaumu kwa hesabu kamili. Haijulikani. Doa jeupe halisemi aliyelifanya.

Nimeliogesha josho. Konokono wameanguka kwenye beseni, kumi na saba, nimewahesabu kwa kisirani. Halafu nikaligeuza nione mayai, na nikakaa chini. Yalikuwa kila mkunjo. Kuna mikunjo ambayo mswaki haufiki na kibanio hakipiti. Ningelirudisha zima, baada ya wiki moja ningekuwa nimefuga kizazi kipya.

Kwa hivyo nimelivunja.

Nimetumia koleo ya kukatia waya. Sauti yake ni kama ya kuvunja biskuti, na nimechukia kwamba ni sauti ndogo hivyo. Nimeokoa vipande vitatu vya ukingoni, vyenye rangi bado na visivyo na yai hata moja. Nimevigundisha kwenye vigae vipya na kuviweka kwenye beseni la pembeni, na pampu yake na hita yake. Jumamosi ijayo josho, na Jumamosi inayofuata. Kule kwenye tangi kubwa konokono waliobaki hawana cha kula sasa, maana wanakula tumbawe la aina hii tu. Wafe njaa. Sina huruma nao.

Kilichobaki nimekitumbukiza kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kife pamoja na mayai yake. Kilikuwa kizito.

Baada ya hapo nikampigia mwaitu. Jana hakushika. Leo ameshika, na hakunisalimia.

"Wadudu wako wamekufa?"

"Wakubwa wamekufa, mwaitu. Mayai bado."

"Nikuletee jivu lingine? Liko gunia."

Nyuma yake nikasikia wanawake wakicheka, na si mmoja wala wawili. Kumbe kijiji kizima kimeshapata habari. Nilitaka kucheka nikaogopa. Nikaanza kusema kuhusu maji, jinsi vipimo vilivyopanda, nikijisikia nikimweleza mama wa miaka yake kama mteja aliyekosea kuchanganya dawa. Akanikatiza, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Kyalo, mimi hapa kwangu naruhusiwa kugusa kila kitu." Akakata.

Nimekaa na hilo neno alasiri yote.

Nimejaribu kulipigia hesabu, maana ndivyo nilivyo. Jivu lilikuwa kosa, na kosa lilikuwa lake. Hilo sitalifuta. Mtu haingizi mkono kwenye kitu asichokijua bila kuuliza. Lakini nyumba haikuwa swali la Alhamisi. Hakuna aliyeniuliza nani alijenga. Neno hilo la nyumba nililitoa mwenyewe, tayari limenolewa, na maana yake ni kwamba lilikuwa ndani siku nyingi likingoja sababu. Mwaitu alilisikia hivyo. Wale mama kumi na wawili walilisikia hivyo. Na Mutua, anayelala chini ya paa hilo, alilisikia kwa mama yake.

Matumbawe yataota tena. Nimeyaona yakiota kutoka kwenye ukucha.

Kesho baada ya ibada naenda Migwani. Kuhusu jivu sitamwomba msamaha, na akinisukuma nitamwambia hivyo. Kuhusu nyumba nitamwomba. Najua atataka tuingie ndani, tuongee polepole, yaishe kiutu uzima. Nitakataa. Nilimvunjia heshima mbele ya watu, na majirani zake wanaonicheka wanastahili kuwepo. Nitasimama pale uani na nguo zangu za kanisa, na niseme kwa sauti ile ile ya Alhamisi, mpaka yule wa nyumba ya mwisho asikie.