Marinda Kumi na Moja

Detroit, 11 Februari 1957

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi kimenikaba wiki nzima. Wewe je, na miguu yako? Na jirani yetu Genia?

Mama, kaa chini kwanza. Kitambaa changu kimepita! Kile cheusi chenye nyuzi za chuma rangi ya dhahabu, na marinda kumi na moja kwa kila kiti. Miaka mitatu nimechora vishikio vya milango tu, maana umbo la gari ni la wanaume, sisi wanawake tunaachiwa viti na rangi. Juzi mchoraji mmoja alinipiga kofi la matako mbele ya wenzake. Nikamchoma mkono kwa penseli hadi ikavunjikia ndani. Wakacheka wote. Lakini Bwana Halvorsen, mkuu wetu, aliposimama mbele ya kiti changu hakucheka.

Wamenipiga picha ya tangazo nimekaa garini, glavu nyeupe mkononi. Chini wameandika, kwa jina langu kamili: "Ludwika amekibuni kwa ajili yako, mama wa nyumbani." Na viti vitashonwa kiwandani kwenu Toledo! Mchoro wangu utapita mikononi mwako. Nimelia kwa furaha.

Mwanao,
Ludka


Toledo, 9 Machi 1957

Mwanangu Ludka,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Miguu yangu ni ile ile, inanung'unika lakini inanibeba.

Kitambaa chako kimefika. Kinapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini kinatuua. Sindano ikigonga zile nyuzi kwenye rinda inakatika na kuruka. Siku ya kwanza zilikatika arobaini. Jumanne kipande kikamwingia Genia jichoni, Genia huyu huyu aliyekuwa akikusuka nywele. Alisimama akaniuliza, "Bronia, nani amezima taa?" Damu ikadondokea kiti, na msimamizi wetu Krell akapiga kelele, "Futeni kabla haijakauka!"

Kisha akabandika tangazo lako juu ya cherehani zetu. "Mwanamke mwenzenu ndiye kabuni. Sasa mnamlalamikia nani?" Baada ya chakula nilikuta wenzangu wamekuchoma pichani vipande vya sindano machoni, yote mawili. Nikamshika aliyekuwa karibu, nikambamiza uso mezani, jino likamtoka. Nilipokuwa navichomoa nikajiuliza nimempigia nini yule mama. Hasira yake ni halali.

Waambie wakiondoe, mwanangu. Wewe ndiye uliye ndani huko.

Mama yako


Detroit, 20 Machi 1957

Mama yangu,

Salamu. Kikohozi kimekwisha. Mpe Genia pole yangu, mwenyewe sijui nimwandikie nini.

Nilimwendea Bwana Halvorsen, nikamwambia sindano zinawaumiza washonaji. Akajibu, "Si mama yako ni mmoja wao? Mwambie avae miwani." Nikuambie ukweli, Mama. Mkobani nilikuwa na mchoro mwingine, marinda matano, bila chuma. Sikuutoa. Bila ile dhahabu kiti changu ni kiti tu, na mimi narudi kwenye vishikio vya milango.

Onyesho la magari ni tarehe 6 Aprili, na vile viti vitatu vya maonyesho mlivyoshona vimeshafika. Nivumilieni hadi hapo tu. Nikishapata jina watanisikiliza. Jaribuni sindano nene.

Mwanao,
Ludka


Toledo, 27 Machi 1957

Ludwika,

Salamu zimefika.

Sindano nene nazo zinakatika, na zinaruka kwa nguvu zaidi. Ijumaa Genia ameng'olewa jicho. Jana tulizima cherehani zote, walinzi wakaja na marungu. Nimevunjwa ubavu. Krell nimempasua sikio kwa mkasi, katika vurugu ile hakujua ni nani, na sijutii. Leo tumerudishwa kazini, asiyetaka kushona kaonyeshwa mlango.

Ulikuwa na mchoro mkobani, ukaufunga mkoba. Mstari huo nimeusoma mara kumi. Usiniandikie tena mpaka uwe umefanya kitu.

Bronisława Wróbel


Detroit, 4 Aprili 1957

Mama,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo.

Jana mchana niliingia ukumbi wa onyesho na kisu cha kukatia ngozi. Nimevipasua viti vyote vitatu. Nilianza rinda la kwanza nikaenda hadi la kumi na moja, sufi ikamwagika kama matumbo ya kuku. Halvorsen akanivuta nywele, nikamuuma kidole mpaka nikahisi mfupa, kisha nikamtupia usoni ule mchoro wa marinda matano. Walinzi wakaubana mkono wangu kwenye mlango wa gari, wakaufunga. Vidole vitatu vimevunjika, hapa naandika kwa kushoto. Kazi sina tena.

Lakini hakuna viti, hakuna onyesho. Kitambaa kile kimekufa, Mama. Niruhusu nije nyumbani Jumatano.

Mwanao


Toledo, 8 Aprili 1957

Mwanangu Ludka,

Mkono huu ni wa Genia. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa hiyo usicheke mistari ikipinda. Pole kwa vidole. Mimi nipo hai.

Barua yako imefika leo. Ijumaa asubuhi Krell alitujia mbio: viti vitatu, marinda yale yale, jioni viwe Detroit. "Kuna kichaa kavikata vya kwanza!" Tulimshangilia huyo kichaa, hata mimi nilipiga makofi. Sikujua ni wewe. Kisha tukaketi tukashona, kwa kasi mara mbili ya kawaida. Kwenye kiti cha tatu sindano ilinipenya kiganja, mashine haikusimama, ikanishona na rinda. Wenzangu wakataka kukata kitambaa wanitoe. Krell akakataa. Kwa hiyo hakikukatwa kitambaa. Nilichomolewa mimi.

Vidole viwili havipo, vilivyobaki havikunji. Onyesho lilifanyika. Genia anasema gazeti limevisifu viti.

Njoo Jumatano. Hasira ninayo, sikufichi, na utaikuta mezani pamoja na kabichi. Kati yetu watatu tutakuwa na macho matano na mikono minne, viazi vitamenyeka.

Ulivipasua vizuri, mwanangu. Ila hukujiuliza nani angevishona tena.

Mama yako