Mshipi Wako na Matairi ya Pikapu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo, hata kama huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Mjukuu wako Tekla hukumwona. Ana miezi saba, anaota meno, na sasa hivi amelala mgongoni kwangu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Nimechoka, baba. Siumwi, ni kuchoka tu, kwa huyu mtoto na kwa kumsubiri kaka Damasi kila akitoka na gari.

Pikapu yako ipo hapa hapa Viwanja Sitini. Kaka ndiye anaiendesha, analeta mpunga wa Mngeta mashineni, na watu juu ya magunia kama zamani. Nikiiosha nakukumbuka. Nilikuwa darasa la nne uliponiambia, "Fumba macho." Ukashika kiganja changu ukakipitisha juu ya tairi la mbele, kwenda na kurudi. Kwenda laini, kurudi kunakwaruza.

"Unasikia nini?"

"Kama magamba ya perege, baba. Nikimpapasa kutoka mkiani."

Ulicheka, halafu ukanieleza taratibu. Magurudumu ya mbele yameachana, kila moja linataka njia yake, kwa hiyo tairi linakwenda huku linaburuzwa ubavu. Ndiyo maana linalika upande mmoja. Mashine ya alaimenti, ya kunyooshea magurudumu, ilikuwa Morogoro mjini, mbali, ukaingia ndani ukatoka na mshipi wako wa kuvulia, ule wa tangu ulipokuwa mvuvi mtoni, kabla hujajua kuendesha. Ukaufunga kwenye tairi la nyuma, ukauvuta ubavuni mwa gari hadi mbele, mimi nikashika ncha; ukigusa tairi la mbele midomo yote miwili, gurudumu limenyooka, ukiacha nafasi, limepinda. "Usipumue," ukasema, maana nikipumua unacheza. Nilibana pumzi hadi mama akatoka jikoni kuuliza nimemeza nini.

Madereva wengine tairi likilika ndani walilivua kwenye ringi, wakaligeuza, upande mzima ukakaa ndani, safari ikaendelea. Wewe ulikataa. "Huko ni kumgeuza mgonjwa kitandani na kusema amepona."

Sasa nisamehe jambo moja. Baada ya msiba, Tekla alipozaliwa, mshipi ule niliufunga kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, nikawa naanikia nepi. Niliona hauna kazi nyingine.

Masika haya kaka aliingia shimo la kalavati karibu na Mngeta. Tangu hapo matairi ya mbele yakawa yanalika ndani, la kushoto zaidi, hadi nyuzi zikaonekana. Akaligeuza. Siku moja naosha gari, mkono wangu ukapita juu yake, nikamsikia perege. Kwa ndani lilikuwa limeshaanza kuwa kipara tena. Nikamwambia.

"Mama Tekla, wewe ni fundi wa uji," akasema. "Matairi ya mtumba ndivyo yalivyo."

Jirani aliyekuja kuomba lifti akacheka. "Mpe spana, Damasi, labda atakaanga nayo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaona wale watu juu ya magunia, na tairi linapasuka, na kaka chini ya yote hayo. Nikasema, "Kaka, nimemzika baba. Wewe sikuziki."

Akasema kesho anakwenda Mngeta, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi nilianua nepi zikiwa mbichi, nikaufungua mshipi, nikamlaza Tekla kwenye khanga. Kaka alitoka na kikombe cha chai akanikuta nimechuchumaa nyuma ya gari, nafunga. Nadhani alilitambua fundo lako. Aliweka kikombe chini, akashika ncha akaivuta hadi mbele. Mshipi uligusa mdomo wa mbele wa tairi, lakini nyuma yake ukaacha nafasi. Akaingiza kidole hapo kati. Kikapita chote.

"Dada," akasema, "kidole kizima."

Hakwenda Mngeta siku hiyo. Alilala uvunguni, akatoka na tairodi, kile chuma kinachoshikanisha magurudumu ya mbele, imepinda, akaipeleka kwa mhunzi, ikanyooshwa. Akairudisha, tukapima, akazungusha nati, tukapima tena. Nilibana pumzi bila kuambiwa, na tulipomaliza nikaurudisha mshipi kwenye mpapai. Lile tairi la kushoto alilitoa kabisa akafunga jingine, sasa Tekla analikalia uani. Kaka anasema tairodi yenyewe itabidi ibadilishwe, hiyo ni ya kutufikisha kiangazi tu. Najua. Lakini ameenda Mngeta mara tatu na amerudi mara tatu, na kila akirudi ananiita kabla hajanawa: "Njoo upapase." Napapasa. Kwenda laini, kurudi laini.

Uchovu haujaisha, baba. Leo ameondoka tena, na masikio yangu yako barabarani. Ila nasubiri tofauti kidogo. Asubuhi nilitoka na beseni la nepi nikakuta kati ya dirisha na mpapai hakuna kitu. Nikatafuta hadi chini ya mpapai. Baadaye nikaelewa, kaka ameufungua mwenyewe, ameondoka nao kwenye gari.

Nepi nimezitandaza kwenye nyasi. Zitakauka.

Pumzika, baba. Mshipi umerudi kazini.

Ni mimi binti yako, mshika ncha,
Mama Tekla