Majina Mia Tatu na Kumi na Mawili

Kakuma 1, Zoni ya Tatu,
Turkana.
30 Desemba 2025

Mpendwa Kaka Déo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umetulia au baridi ya Kanada bado inausumbua? Sisi tunapumua. Ile homa iliyonilaza mwezi uliopita imekwisha, na joto ni lile lile unalolijua.

Kuhusu chakula sitakudanganya. Tangu mgao upunguzwe tunapika mara moja tu, jioni, na watoto wamejifunza kutouliza. Kila wiki watu wanaondoka, wengine Kampala, wengine Juba, na wengine hawaagi hata majirani. Mwimbishaji wetu naye ameondoka, ngoma imebaki imeegemea ukuta.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kanisa letu. Mwezi wa Novemba kamati ya zoni ilitangaza kwamba jengo lenye waumini chini ya mia moja litageuzwa stoo katikati ya Januari. Juzi Jumapili wakaja watu wawili kutuhesabu. Bahati mbaya, siku yenyewe ilikuwa ile ya kusoma majina.

Wewe ndiye uliyeanzisha kitabu kile, na wewe ndiye uliyekataa jina lolote lifutwe. Anayeondoka anamwachia mtu jina lake, na mwaka ukiisha yule aliyeachiwa anaitika "yupo". Siku hizi karani ni mimi. Wageni wakaniomba kitabu nami, mjinga wa mwisho, nikawapa. Mmoja akaanza kusoma kwa sauti ili apate hesabu yake. Kaka, watu wakaitika kama walivyozoea. Vichwa arobaini na kimoja, "yupo" mia tatu na kumi na mbili. Mama Nyabol peke yake, yule wa karibu na bomba, aliitika mara kumi na sita.

Wakadhani tunawachezea shere. Mgeni akamwuliza Mama Nyabol huyo Wandera aliyemwitikia anakaa bloku gani. Akajibu bila wasiwasi wowote, "Iko Australia. Lakini iko yetu." Mimi niliangalia miguu yangu.

Sasa wanataka orodha mpya kabla ya tarehe kumi na mbili, ya waliopo tu, na Mchungaji Akuei amenibebesha mimi kazi hiyo. Nikiandika ukweli, kanisa tulilolifyatulia matofali kwa mikono yetu linakuwa stoo. Nikidanganya, watarudi kuhesabu, na uongo huo utakuwa kwa mwandiko wangu. Nimekata tamaa, kaka, sina neno zuri zaidi ya hilo. Naogopa mwaka huu unaokuja kuliko ule tuliovuka mpaka kwa miguu. Wakati ule angalau tulijua tunakimbilia wapi.

Mwishowe nimeamua kuandika ukweli. Nilipofika kwenye jina la Mama nilikwama. Yeye hakwenda popote, tulimzika hapa hapa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Nilimwuliza Mchungaji nimweke wapi, naye akavua miwani akaifuta. Nikamwacha nje. Na wewe nimekuacha nje, unisamehe.

Jioni ya leo orodha imekamilika. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, nione itakavyokuwa mwaka ukiisha tena, kama tutakuwa na mahali pa kuisomea. Nilimaliza kabla uji haujachemka.

Nisalimie shemeji Maryanne na wanao wote, na Jerusha ukimwona kanisani kwenu. Mchungaji na Mama Nyabol wanakusalimu, ingawa sijamwambia Mama Nyabol kwamba mwaka ujao hatakuitikia tena. Mungu akulinde huko uliko, na kama sisi atatupita, wewe asikupite.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda siku zote,
Josiane